Usipuuze mafuta ya giaboksi katika gari la otomatiki

MAGARI mengi yaliyomo nchini yalitumika kwanza Japani kabla ya kuteremshwa katika bandari ya Mombasa, na mengi kati yake hujibadilisha gia yenyewe. Wenye magari hayo hupima mafuta ya injini mara kwa mara, lakini mafuta ya giaboksi husahaulika. Usahaulifu huo ni ghali, kwani giaboksi ikiungua, gharama ya kuikarabati au kununua nyingine huweza kumlemea mwenye gari.

Katika giaboksi ya otomatiki, kazi ya mafuta si kulainisha vyuma pekee. Shinikizo lake ndilo linalobana klachi za ndani ili gia ishike. Vilevile, mafuta hayo hubeba joto hadi kwenye kipoza, ambacho katika magari mengi kimo ndani ya rejeta. Yakipungua, gia huchelewa kushika na injini hunguruma bila gari kuongeza kasi.

Kabla ya kupima, soma kitabu cha gari lako. Magari mengi ya Toyota hupimwa injini ikiwa inanguruma na gia ikiwa kwenye P, ilhali yale ya Honda hupimwa mara tu baada ya injini kuzimwa.

Kwa utaratibu wa kawaida, endesha gari kwa dakika 15 hivi ili mafuta yapate moto, kisha uliegeshe mahali tambarare palipo wazi na kuvuta breki ya mkono. Huku umekanyaga breki, pitisha mkono wa gia katika kila nafasi, kisha uurudishe kwenye P. Fungua boneti, uchunge nguo na mikono isinaswe na feni au mikanda. Chomoa kijiti cha kupimia, ukipanguse kwa kitambaa safi, ukirudishe hadi mwisho, kisha ukichomoe tena na kusoma. Mafuta yafike kati ya alama mbili za kiwango cha mafuta moto.

Tazama pia rangi. Mafuta mapya kwa kawaida huwa mekundu na maangavu. Yakiwa meusi na kunuka kama kitu kilichoungua, mwone fundi. Yakiwa na rangi ya waridi iliyochanganyika na maziwa, huenda maji ya rejeta yamepenya. Usiliendeshe gari hilo.

Iwapo yamepungua, ongeza kupitia tundu la kijiti hicho kwa faneli nyembamba, robo lita kwa wakati mmoja, ukipima tena kila mara. Yakizidi hutoa povu, na povu haliwezi kubana klachi.

Usikubali kuambiwa kwamba mafuta yote ni mamoja. Gari la Toyota linalohitaji aina ya WS halifai kutiwa T-IV, na giaboksi ya CVT ina mafuta yake maalumu.

Magari mengi ya kisasa hayana kijiti. Hayo yaachie fundi mwenye kifaa cha kupima joto la mafuta.

Kumbuka kwamba mafuta haya hayateketei kama petroli. Yakipungua, yanavuja. Chunguza sakafu ulipoegesha gari usiku. Tone jekundu hapo ni onyo la mapema, na kuziba uvujaji ni nafuu kuliko kununua giaboksi.