Injini ya Angani na Injini ya Barabarani

Injini ya pistoni ya ndege ndogo na injini ya pikipiki hufanya kazi kwa kanuni moja. Pistoni hushuka ikavuta hewa iliyochanganyika na petroli, hupanda ikaubana mchanganyiko huo, plagi hutoa cheche, moto huisukuma pistoni chini, kisha moshi hutolewa nje. Kwa sababu hiyo si ajabu kumkuta fundi wa injini za ndege ambaye siku yake ya mapumziko huimalizia kwenye pikipiki: mkono uliozoea kazi ya kwanza haupati ugeni katika ya pili.

Undugu huo ni wa tangu zamani. Ndege ya Wilbur na Orville Wright, iliyoruka Marekani mnamo Desemba 1903, ilikuwa na injini ya takriban nguvu za farasi 12, iliyoundwa na fundi wao Charles Taylor katika karakana yao ya baiskeli. Nguvu hizo ni kama za pikipiki ya Boxer 150 inayobeba abiria na gunia la viazi kutoka Molo. Glenn Curtiss, mwanzilishi mwingine wa urubani nchini Marekani, alianza kwa kuunda pikipiki, na mwaka 1907 aliendesha moja yenye silinda nane kwa kasi ya karibu kilomita 219 kwa saa. Kampuni ya BMW ya Ujerumani ilipita njia ya kinyume. Ilianza na injini za ndege, lakini baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Mkataba wa Versailles ukaizuia kazi hiyo, na mwaka 1923 ikatoa pikipiki yake ya kwanza, R 32. Silinda zake mbili zililala moja kulia na nyingine kushoto. Mpangilio huo wa silinda zilizolala ndio ulio katika ndege nyingi ndogo za Cessna hadi leo.

Tofauti huanzia kwenye ukubwa na mwendo. Injini ya Lycoming O-320, iliyotumika katika Cessna 172 nyingi, ina silinda nne zenye ujazo wa lita 5.2 na hutoa nguvu za farasi 160 ikizunguka mara 2,700 tu kwa dakika. Injini ya Boxer hufikia mizunguko kama 7,500. Ya ndege huenda polepole kwa sababu ya panga (propela) lililofungwa mbele yake: ncha za panga zikikaribia kasi ya sauti, kelele huzidi na msukumo hupungua. Kila silinda ya ndege pia ina plagi mbili zinazopata umeme kutoka magneto mbili zisizotegemea betri. Pikipiki ikizima pale Gilgil, mwenyewe huisukuma kando ya barabara. Angani hakuna kando.

Mwinuko huziathiri injini zote mbili. Nakuru, nchini Kenya, iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hapo shinikizo la hewa ni karibu asilimia 80 tu ya lile la Mombasa. Hewa ikiwa nyepesi, injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu zake. Kabureta iliyopimwa kwa ajili ya pwani humimina petroli kupita kiasi, plagi zikashika masizi meusi na moshi ukatoka mzito. Rubani hupunguza petroli kwa kishikio maalumu kilicho mbele yake. Fundi wa pikipiki hurekebisha skrubu ya kabureta au hubadilisha jeti. Ndege inayoruka kutoka uwanja wa Lanet au Naivasha huhitaji pia njia ndefu zaidi ya kukimbilia kabla ya kupaa, hasa jua la mchana linapoifanya hewa iwe nyepesi zaidi.

Kituo kikuu cha matengenezo ya ndege ndogo nchini Kenya ni Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi. Huko ndege ndogo huingizwa karakana kila baada ya saa 100 za kuruka au zaidi, kulingana na ratiba iliyoidhinishwa. Fundi huchomoa plagi, hupima mgandamizo wa kila silinda, humwaga oili na kukata chujio lake. Karatasi ya chujio hukunjuliwa na kuangaliwa kwenye mwanga: vipande vya chuma vinavyong'aa ni dalili kwamba kitu kinasagika ndani. Boliti hukazwa kwa spana ya kipimo, kisha vichwa vyake hufungwa kwa waya uliosokotwa upande ambao boliti ikijaribu kulegea, waya huivuta ikaze. Mwishowe injini huwashwa na magneto huzimwa moja moja. Mizunguko ikishuka kupita kiwango kilichowekwa na mtengenezaji, ndege hairuki.

Kazi haijaisha mpaka iandikwe. Kila kilichofunguliwa, nambari ya kifaa kilichobadilishwa na saa za injini huingia kitabuni, na mwenye leseni hutia sahihi. Nchini Kenya leseni hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, na mafunzo hupatikana katika vyuo vilivyoidhinishwa. Viwango vya kimataifa humtaka mwombaji awe na uzoefu wa miaka minne, au miwili akiwa amemaliza kozi iliyoidhinishwa, pamoja na kufaulu mitihani ya sheria, injini na uwezo wa binadamu kazini.

Kwa mpenda pikipiki, Bonde la Ufa la kati ni uwanja wa kujaribia injini na breki. Barabara ya kutoka Nakuru hupita Mogotio, ikavuka mstari wa Ikweta na kushuka hadi joto la Marigat, kwenye mita kama 1,000. Kutoka hapo hupanda milima ya Tugen hadi Kabarnet, ikateremka Bonde la Kerio na kupanda tena hadi Iten, kwenye mita kama 2,400. Katika safari ya siku moja injini hupita kwenye hewa nzito na nyepesi, na miteremko mirefu huchemsha breki za anayezikanyaga mfululizo badala ya kuteremka kwa gia ndogo.

Mwendeshaji anaweza kuazima utaratibu wa karakana ya ndege bila gharama kubwa. Daftari la shilingi chache linatosha kuandika kilomita, tarehe ya oili, plagi na cheni. Kabla ya kuwasha, na akague matairi, breki, taa, mlegeo wa cheni na kiwango cha oili, kisha avae helmeti na koti la kuakisi mwanga, kama sheria inavyotaka. Boda boda anayebeba watu kuanzia alfajiri hadi usiku huzungusha injini yake saa 100 kwa majuma machache tu. Naye abiria wake ana haki ya kubebwa na chombo kilichokaguliwa.