Nyama Imepita Mlangoni, Mbona Tuifuate Mjini?

Siku ya kufunga shule mambo huwa ni yale yale. Basi likiwashusha wanafunzi katikati ya jiji, wengi hawaendi nyumbani moja kwa moja. Huyu anaelekea Mtaa wa Kimathi, yule Moi Avenue, kutafuta ule mkate laini wenye nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba kama karatasi, na jibini iliyoyeyuka ikichuruzika pembeni. Mwenye pesa anaingia. Asiye nazo anasimama nje, ati anangoja mtu. Baada ya nusu saa mwenye pesa naye anatoka mfuko mtupu, hata nauli ya kwenda Kawangware hana. Wote wawili sasa ni sawa!

Sisemi watu wasile mjini. Kila mtu na mfuko wake. Ninachotaka kueleza ni kwamba sandwichi ile si uchawi. Inaweza kupikwa kwa sufuria na jiko la makaa, tena kwa nyama ambayo pengine ilichinjwa karibu na kwetu kabla ya kwenda kuuzwa mjini kwa bei ya kutisha.

ILITOKA WAPI?

Sandwich ni jina la mji mdogo wa Uingereza. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 18 bwana mmoja mkubwa, John Montagu, aliyekuwa na cheo cha Earl wa Sandwich, aliagiza nyama iliyobanwa kati ya vipande viwili vya mkate ili aendelee na shughuli zake bila kuondoka mezani. Wengine wanadai shughuli yenyewe ilikuwa kamari. Iwe iwavyo, jina lilishika.

Hii ya nyama nyembamba inayouzwa harakaharaka ilipata umaarufu Marekani. Mwaka 1964 ndugu wawili, Forrest na Leroy Raffel, walifungua duka la Arby's mjini Boardman, jimbo la Ohio. Wakati huo karibu kila duka la chakula cha haraka liliuza hambaga za nyama ya kusaga. Wao wakaja na nyama ya kuoka, iliyokatwa kwa mashine. Hata jina la duka linatokana na herufi R na B, za ndugu Raffel.

Huku kwetu, maduka ya namna hiyo yamependa sana upande wa magharibi mwa Nairobi. Java House ilianzia Adams Arcade, Barabara ya Ngong, mwaka 1999. KFC ilifika Kenya mwaka 2011 ikaanzia Junction, kwenye barabara hiyo hiyo. Burger King nayo ilifungua Karen mwaka 2016. Mnakumbuka kisa cha Januari 2022? KFC iliishiwa na chipsi, na wananchi wakashangaa kusikia kwamba viazi vyenyewe vilikuwa vikitoka nje ya nchi, ilhali Nyandarua viazi vinaoza shambani kwa kukosa soko. Kampuni ilieleza kuwa wanaoiuzia ni lazima wapitie ukaguzi maalumu wa ubora. Hata hivyo swali lilibaki vinywani mwa watu: chakula hiki kinatoka wapi?

NYAMA YA JIRANI

Kwa upande wa nyama, jibu halihitaji ndege. Dagoretti kuna vichinjio vinavyolisha sehemu kubwa ya jiji hili. Ng'ombe hufika huko kutoka Kajiado, Narok na hata kaskazini mwa nchi. Wakishachinjwa na kukaguliwa, nyama hupakiwa alfajiri na kusambazwa: bucha za Kawangware, Kangemi na Satellite, mahoteli, hadi vibanda vya City Market kule Mtaa wa Muindi Mbingu. Kwa hiyo mtu wa Dagoretti anayepanda matatu kwenda kula sandwichi mjini huenda anaifuata nyama iliyompita mlangoni asubuhi!

Lakini mtu atauliza: mbona ile ya mjini ni laini na yetu inatoa meno jasho? Swali zuri. Ng'ombe wetu wengi, zebu na Boran, ni watembezi. Hula nyasi na kutafuta maji mbali. Nyama yao ina ladha tamu ila nyuzi zake ni imara. Ukiipika ovyo utatafuna mpaka kesho. Ukijua siri tatu, italainika.

SIRI TATU

Kwanza tuelewane kwa maneno, maana hiki ni Chama cha Kiswahili. Kuchoma si kuoka. Nyama choma hukaa juu ya moto wazi. Kuoka ni kuivisha kwa joto lililofunikwa, joto likizunguka pande zote. Nyama ya sandwichi huokwa. Ukiichoma utapata kitu kitamu, sikatai, ila kitakuwa kitu kingine.

Siri ya kwanza ni moto mdogo wa muda mrefu. Kati ya nyuzi za nyama kuna utando mgumu wenye kolajeni. Utando huo hulainika polepole kwa joto la wastani na unyevu. Ukipandisha moto kwa pupa, nyuzi hujikunja na kukamua maji yote, nyama ikawa kama soli ya kiatu. Tena tukumbuke kwamba Nairobi ipo juu, yapata mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Huku maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 au 95 hivi, si 100 kama Mombasa. Ndiyo maana chungu chetu huchelewa kuivisha. Haraka haraka haina baraka, na hapa methali hiyo ni sayansi tupu.

Siri ya pili ni kuipumzisha. Nyama iliyotoka motoni ikikatwa papo hapo, maji yake yote humwagika kwenye sahani. Ikipumzika na kupoa, maji hutulia ndani na nyama hushikana, kisu kikapita bila kuichana.

Siri ya tatu, na ndiyo kubwa, ni mkato. Tazama kamba ya mkonge. Ukiivuta kwa urefu huiwezi, lakini ukiikatakata vipande vifupi inasambaratika mkononi. Nyuzi za nyama ni vivyo hivyo. Angalia zinakoelekea, kisha kata kukingama nazo, si kufuatana nazo. Kata nyembamba uwezavyo. Kazi ambayo meno yangefanya inakuwa imefanywa na kisu. Mashine ya dukani haina ujuzi zaidi ya huo.

NAMNA YA KUTENGENEZA

Kwa sandwichi 8 utahitaji: kilo moja ya nyama ya paja isiyo na mfupa, ambayo bucha nyingi huiita steki, iwe pande moja zima, mikate 8 midogo ya mviringo, gramu 100 za jibini ya chedari, kikombe kimoja cha maziwa, kijiko kikubwa kimoja cha siagi na kingine cha unga wa ngano, vitunguu maji viwili, kitunguu saumu, chumvi, pilipili manga, mafuta na sosi ya nyanya.

1. Paka nyama vijiko vidogo viwili vya chumvi na pilipili manga. Kama una friji, ilaze humo usiku kucha. Kama huna, saa moja kabla ya kupika inatosha.

2. Panguza nyama ikauke. Pasha mafuta kidogo kwenye sufuria nzito, kisha igeuze kila upande mpaka iwe rangi ya kahawia. Usiruke hatua hii. Harufu ile inayowaita majirani hutokea hapa, protini na sukari za nyama zinapokutana kwenye joto kali. Mfaransa Louis-Camille Maillard ndiye aliyeeleza kemia yake mwaka 1912. Nyama yenye maji juu haiwezi kufika joto hilo, itachemka tu.

3. Tia kitunguu kimoja kilichokatwa, kitunguu saumu na nusu kikombe cha maji moto. Funika kwa kifuniko kinachobana. Punguza makaa chini, palia machache juu ya kifuniko. Hapo sufuria yako imekuwa joko. Acha kwa saa moja na nusu hadi mbili, ukigeuza nyama kila nusu saa na kuongeza maji moto kidogo ikikauka. Iko tayari kijiti kikiingia kwa urahisi na maji yanayotoka yasiwe mekundu.

4. Itoe, ifunike, ipumzike dakika 20, halafu uipoze kwenye friji. Usiiache nje zaidi ya saa mbili. Ikishapoa, noa kisu na ukate kukingama na nyuzi. Mchuzi uliobaki usimwage!

5. Sasa jibini. Yeyusha siagi kwa moto mdogo, koroga unga kwa dakika moja, mimina maziwa kidogo kidogo huku ukikoroga mpaka iwe nzito kama uji mwepesi. Epua, ndipo utie jibini iliyoparuzwa. Kwa nini unga? Kwa sababu jibini tupu ikipata moto hujitenga, mafuta huku na madonge kule. Wanga wa unga huishikilia pamoja.

6. Changanya vijiko vinne vya sosi ya nyanya, kijiko kimoja cha siki, sukari kidogo na kitunguu kilichokatwa laini.

7. Pasua mikate, ipake siagi, ilaze kifudifudi kwenye kikaango hadi iwe dhahabu. Chemsha ule mchuzi, tumbukiza vipande vya nyama mpaka vitoe mvuke, vitoe, rundika kwenye mkate, mwagia jibini, halafu sosi. Funika. Bismillahi!

HESABU

Bei hupanda kila uchao kwa hivyo sitataja shilingi. Fanya hesabu hivi. Kilo moja ya nyama ikiokwa hupungua, hubaki kama gramu 700. Gawanya kwa 8, kila mtu anapata karibu gramu 85, na huo ni ujazo wa kawaida wa sandwichi ya dukani. Kinachouma zaidi ni jibini, na kina sababu: kilo moja ya chedari hunywa karibu lita 10 za maziwa. Ndiyo maana tumeiongezea maziwa na unga, gramu 100 zikatosha watu 8. Jumlisha kila kitu pamoja na makaa, gawanya kwa 8, kisha linganisha na bei ya sandwichi moja ya mjini. Jibu utalipata mwenyewe. Na jibini ikikushinda kabisa, weka kachumbari. Nyama itabaki laini vile vile, kwa sababu ulaini haukutoka kwenye jibini.

TAHADHARI

Kuna mambo matatu ambayo si ya mzaha. La kwanza, nunua nyama kwenye bucha ambayo nyama yake ina muhuri wa mkaguzi. Nyama ya bei ya chini isiyokaguliwa inaweza kuleta kimeta, na kimeta huua. La pili, ivisha hadi ndani. Kule ng'ambo wengine huipenda ikiwa nyekundu katikati, lakini huku tegu wa ng'ombe bado wapo. Shirika la Afya Duniani linashauri joto la ndani lifike nyuzi 70. La tatu, jiko la makaa lisiwashwe katika chumba kilichofungwa madirisha. Moshi unaoonekana utakutoa machozi, lakini hewa ya kaboni monoksidi haionekani wala hainuki, na imemaliza familia nzima zikiwa usingizini. Pikia nje au fungua mlango.

PENDEKEZO

Nina ombi kwa wanachama. Kidole kimoja hakivunji chawa. Muhula ujao, badala ya kila mmoja kwenda na pesa yake kivyake, watu 8 wachange: huyu nyama, yule mikate, mwingine maziwa, asiye na kitu alete mikono ya kukata vitunguu. Kwa nyumba ya mwenzetu yeyote, iwe Lavington au Kangemi, jiko halikosekani. Hakuna atakayesimama nje akijifanya anangoja mtu, na nauli itabaki mfukoni.

Mwenye swali anitafute darasani. Mwenye kisu kikali anitafute haraka zaidi.