Je, Wajua? Panga, Mikuki na Karata Ndani ya Gemu

Katika gemu nyingi za kupigana, mtu hula ngumi ishirini na bado yuko wima. Samurai Shodown iliivunja desturi hiyo. Gemu hii ya kampuni ya SNK, ambayo Wajapani huiita Samurai Spirits, ilitoka mwaka 1993, na ndani yake karibu kila mpiganaji anaingia uwanjani na silaha mkononi. Mchezaji akibonyeza vitufe viwili vya upanga kwa pamoja, mhusika wake hupiga pigo zito, na pigo hilo moja likimpata mpinzani aliyezubaa linaweza kuondoka na theluthi ya uhai wake, pengine zaidi. Likikosa, upanga unachelewa kurudi, na uliyetaka kumkata anakukata yeye.

Ndiyo maana wanaoijua gemu hii huonekana kama hawachezi. Kila mmoja anasogea hatua moja, anarudi nusu, anampima mwenzake umbali. Sekunde zinakwenda, hakuna aliyeguswa. Kisha mmoja anajaribu teke dogo, mwingine alikuwa anasubiri hilohilo, na mzunguko umekwisha kabla watazamaji hawajakaa vizuri. Mimi naona huu ndio utamu wake mkubwa. Gemu inamlipa mwenye subira na inamwadhibu anayebonyeza ovyo.

Je, wajua kwamba ndani ya gemu hiyo unaweza kunyang'anywa silaha? Panga mbili zikinasana, wachezaji wote wawili hubonyeza vitufe kwa kasi ya mwisho, na aliyezidiwa upanga wake unaruka hewani na kuanguka mbali. Hapo amebaki na mikono mitupu. Anaweza kukimbilia kuuokota, akijua kwamba mwenzake anamsubiri palepale, au anaweza kujaribu jambo la kijasiri kuliko yote, yaani kuudaka upanga wa adui kwa viganja. Ukifanikisha jambo hilo mbele ya marafiki, kelele zao zinasikika nje ya kibanda.

Kuna pia kipimo cha hasira: kila unapopigwa, kinapanda, na kikijaa mapigo yako yanakuwa mazito zaidi. Aliye karibu kushindwa ndiye wa kuogopwa. Huku nyuma, tarishi hupita mbio akirusha vitu uwanjani: kuku wa kurudisha uhai, fedha, au bomu. Mwamuzi naye amevaa nguo nyeusi kuanzia kichwani, uso umefunikwa, ameshika bendera. Mavazi hayo ni ya wasaidizi wa jukwaani katika michezo ya kuigiza ya kale ya Japani, ambao huvaa nyeusi ili watazamaji wakubaliane kutowaona.

Hadithi ya gemu imewekwa mwaka 1788. Lakini soma majina ya wapiganaji. Hattori Hanzo wa historia alifariki mwaka 1597. Yagyu Jubei alifariki mwaka 1650. Haohmaru, shujaa mkuu, amechorwa kwa kumfuata Miyamoto Musashi, bingwa wa upanga aliyefariki mwaka 1645. Watunzi waliwakusanya watu wa karne tofauti katika ua mmoja bila kuomba radhi, na mchezaji anakubali kwa sababu kila mmoja ana silaha yake na tabia yake. Tachibana Ukyo ana kifua kikuu. Anakohoa damu, lakini anarusha tofaa hewani na kulikata vipande kabla halijafika chini. Nakoruru, msichana wa kabila la Waainu wa kaskazini, anapigana na kisu kifupi huku mwewe wake akiwa juu ya kichwa chake.

Na adui mkuu wa mwisho? Ni Amakusa Shiro, na huyu anatuleta pwani yetu.

Amakusa Shiro wa kweli alikuwa kijana wa miaka kama 16 hivi aliyeongoza uasi wa Shimabara, kusini-magharibi mwa Japani, mwaka 1637. Waliomfuata walikuwa wakulima waliokamuliwa kodi, wengi wao Wakristo waliokuwa wakiteswa kwa ajili ya imani yao. Walijifungia katika ngome ya Hara, wakazingirwa na majeshi ya serikali, na mwaka 1638 ngome ikaanguka. Yeye aliuawa pamoja na watu wake. Gemu inamfufua kama mchawi anayetafuta kisasi. Ni tafsiri kali ya maisha ya kijana yule, na ninaposoma habari za Hara huona kwamba alistahili kuhurumiwa zaidi.

Ukristo huo ulifikaje Japani? Mmisionari Francis Xavier alishuka Kagoshima mwaka 1549. Miaka saba kabla, mwaka 1542, merikebu ya Kireno iliyokuwa ikimpeleka Goa ilitia nanga Malindi. Mtu aliyekanyaga mchanga wa Malindi ndiye aliyepeleka Japani dini ambayo, karne moja baadaye, ilimwinua Amakusa Shiro.

Njia hiyohiyo ya merikebu ilimpitisha pia Yasuke, Mwafrika aliyefika Japani mwaka 1579 pamoja na Mjesuiti Alessandro Valignano. Maandishi ya Kijesuiti ya karne ya 17 yanasema alitoka Msumbiji. Mwaka 1581 alikutana na Oda Nobunaga, mtawala mwenye nguvu kuliko wote wakati huo, ambaye aliamuru asuguliwe mwili akidhani ule weusi ni rangi ya kupakwa. Kisha akamchukua katika utumishi wake. Wapenzi wa gemu za silaha wanamfahamu: alikuwa mmoja wa maadui wakubwa katika Nioh ya mwaka 2017, akawa mpiganaji wa kuchaguliwa katika Samurai Warriors 5 mwaka 2021, na mwaka 2025 akapanda kuwa mmoja wa wahusika wakuu wawili wa Assassin's Creed Shadows.

Wareno walipeleka Japani bunduki na dini, na walipeleka karata pia. Watawala wa Japani hawakuzipenda, kwa sababu zilileta kamari, wakazipiga marufuku mara kadhaa. Kila zilipokatazwa, mafundi walibuni nyingine zisizofanana na zilizokatazwa, na mwisho wake zikapatikana hanafuda, karata za maua. Ziko 48, zimegawanywa katika miezi 12, kila mwezi na karata zake nne. Hazina namba hata moja. Januari ni msonobari na korongo, Machi ni maua ya mcheri, Agosti ni mwezi mpevu juu ya kilima, na Novemba kuna bwana aliyeshika mwavuli akimtazama chura.

Mchezo wa hanafuda unaopendwa zaidi unaitwa koi-koi. Wachezaji ni wawili, kila mmoja ana karata nane mkononi, na nane zimelazwa mezani. Unaoanisha karata yako na ya mezani ya mwezi uleule, unazichukua zote mbili. Tuseme umeshapata mwezi mpevu wa Agosti na kikombe cha pombe cha Septemba. Hizo mbili pamoja ni pointi 5, na una haki ya kusimamisha mchezo ukazichukua. Lakini mkononi una karata inayoweza kukuongezea. Ukisema "koi-koi", mchezo unaendelea. Mwenzako akikamilisha mpango wake kabla yako, unakosa hata zile 5. Anayecheza Samurai Shodown anaijua hali hiyo mwilini mwake, kwani ni mizani ileile ya pigo zito.

Je, wajua kwamba Nintendo ilianza kwa kutengeneza hanafuda? Fusajiro Yamauchi aliianzisha Kyoto mwaka 1889, ikiwa duka la karata, na kampuni hiyo inaziuza mpaka leo. Sasa tazama mambo yalivyozunguka. Soulcalibur II ya Namco, gemu ya kupigana kwa silaha, ilipotoka kwa mashine za nyumbani, kila mashine ilipewa mgeni wake. Waliokuwa na Xbox walipata Spawn na shoka lake. Wa PlayStation 2 walipata Heihachi, mzee wa Tekken, aliyekuja na glavu za chuma kwa kuwa hakuwahi kuhitaji upanga maishani. Wa GameCube walipata Link, mpiga upanga wa Nintendo, akiwa na ngao, upinde na mabomu yake. Duka la karata la Kyoto lilikuwa limempeleka shujaa wake uwanjani.

Mfululizo huo ulianza na Soul Edge, na mwanzoni ulikuwa na sheria kali: ukikinga mno, silaha yako inachakaa mpaka inakutoka mkononi. Hakuna kujificha nyuma ya ngao mechi nzima. Soulcalibur ya mwaka 1998 ikaongeza uhuru wa kutembea pande nane, hata fimbo ndefu ya Kilik, iliyokuwa inatisha kwa mbali, ikapata dawa: mzunguke. Baadaye waliingia wageni wengi, hata Darth Vader na Yoda katika Soulcalibur IV.

Iliyokwenda mbali kuliko zote ni Bushido Blade, iliyotoka PlayStation mwaka 1997. Haina mstari wa uhai wala saa. Pigo moja la upanga mahali pabaya na mtu amekufa. Ukikatwa mguu, unapigana umepiga goti. Ukikatwa mkono, huo haukufai tena. Na ukicheza hadithi yake kwa hila, kwa mfano kumkata mpinzani mgongoni, gemu inakukatisha safari kwa kukiuka heshima ya mwenye upanga. Sijaona gemu nyingine ya kupigana iliyodai adabu kwa uzito huo.

Sasa karata za ndani ya gemu zenyewe. SNK walipotoa Neo Geo Pocket Color mwaka 1999, mashine ndogo ya mkononi yenye kijiti kinacholia ti-ti kila ukikisukuma, waliitolea Samurai Shodown! 2. Humo mchezaji hukusanya karata kadiri anavyopigana, na karata hizo zinambadilishia mpiganaji wake uwezo. Mwaka huohuo wakatoa gemu ya karata tupu, SNK vs. Capcom: Card Fighters' Clash. Karata ziko 300. Unajenga fungu la 50, unaanza na pointi 2000, na mezani una nafasi tatu tu za wapiganaji. Haohmaru na Nakoruru wamo, wakipambana na watu wa Street Fighter. Ilitoka kwa matoleo mawili, la SNK na la Capcom, nayo mashine mbili zikiunganishwa kwa waya, marafiki hubadilishana karata. Kupanga fungu hilo ni kazi tamu ya saa nzima: umtoe nani ili nani aingie?

Mrithi wake kwenye Nintendo DS alikuwa na bahati mbaya. Toleo la Kiingereza la mwaka 2007 lilikuwa na hitilafu: ukimaliza na kuanza upya, gemu inaganda mahali fulani na haisogei tena. Ikabidi walionunua wabadilishiwe. Ile ya asili ilirudishwa sokoni kwa Nintendo Switch mwaka 2023, na bado inachezeka vizuri.

Karata za ndani ya gemu zilizopata sifa kubwa kuliko zote, hata hivyo, ni Gwent, katika The Witcher 3 ya mwaka 2015 kutoka CD Projekt Red ya Poland. Geralt, muuaji wa mazimwi mwenye panga mbili mgongoni, anaweza kuacha kazi yake yote akakaa na mwenye baa kucheza. Wengi wetu tumemwacha binti ambaye Geralt anamtafuta aendelee kupotea huku tukiwinda karata kijiji kwa kijiji. Mnacheza mizunguko mitatu, mshindi ni wa miwili, na kwa kawaida una karata 10 za mizunguko yote. Fundi huanza kwa kumchokoza mwenzake, anamwacha amwage karata saba kushinda mzunguko wa kwanza, kisha anapita bila kuongeza kitu. Mzunguko wa pili unaanza: yeye ana karata sita, mwenzake tatu.

Watu waliipenda hata wakaidai peke yake, na mwezi Oktoba 2018 Gwent ikatoka rasmi kama gemu inayojitegemea. Mwezi huohuo ilitoka Soulcalibur VI, na mgeni wake alikuwa Geralt, pamoja na panga zake zote mbili, katika ua wa ngome yake ya Kaer Morhen.