Je, Wajua? Sindano ya Soriasisi Huanza na Kipimo cha Kifua Kikuu

Soriasisi ya mabaka haiambukizi. Ni kinga ya mwili inayoishambulia ngozi yake yenyewe, hasa viwikoni, magotini na kichwani. Adalimumab, sindano iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2008 kwa ugonjwa huu, huituliza kinga hiyo kwa kuzuia protini iitwayo TNF. Hapo ndipo penye hatari: protini hiyohiyo husaidia kuvibana vijidudu vya kifua kikuu vilivyolala mwilini. Ikizuiwa, vinaweza kuamka. Ndiyo maana mgonjwa hupimwa kifua kikuu, na homa ya ini aina ya B, kabla ya dozi ya kwanza, hata kama hakohoi kabisa. Chanjo hai, kama ile ya homa ya manjano, nazo huepukwa wakati wa matibabu.

Dawa hukaa kwenye friji, nyuzijoto 2 hadi 8, bila kuganda. Ikitolewa, iache ipoteze ubaridi yenyewe. Usiipashe moto wala kuitikisa. Choma pajani au tumboni, angalau sentimita 5 kutoka kitovuni, kamwe si juu ya baka. Ukipata homa, kikohozi kisichoisha au jasho la usiku, mwone daktari kabla ya kuchoma dozi inayofuata.