INJINI INAPOLIA KAMA SAA

Zamani, katika miaka ya 1960 na 1970, watu wa Afrika Mashariki walikuwa na jina la wakubwa wenye magari ya fahari. Waliwaita Wabenzi, kwa sababu ya magari ya Mercedes-Benz waliyopanda. Mkulima aliliona gari hilo likipita barabarani tu, likimwachia vumbi.

Siku hizi Benzi lililozeeka huweza kununuliwa na mtu wa kawaida. Bei yake imeshuka sana. Lakini bei ya vipuri haikushuka pamoja nayo. Gari ni la mtu wa kawaida, vipuri bado ni vya Mbenzi.

Mwalimu mmoja mstaafu, mkazi wa kijiji kimoja cha mkoa wa Morogoro, alinunua gari kama hilo kwa sehemu ya kiinua mgongo chake. Ni aina ambayo mafundi huiita 126. Ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1979, na magari zaidi ya 800,000 ya aina hiyo yalitoka kiwandani. La Mwalimu lina injini ya petroli yenye silinda 8, nne kila upande. Alikusudia kulikodisha kwa maarusi.

Haukupita muda injini ikaanza kulia: ta, ta, ta, ta, kama saa ya ukutani yenye haraka. Fundi wa kwanza alisikiliza kidogo tu. Alisema injini imekufa, lazima ishushwe, akataka malipo siku ile ile. Mwalimu alisita. Baada ya wiki tatu akamwendea fundi mwingine, kijana aliyemfundisha darasa la tatu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Gari langu linalia. Nimeambiwa injini imekufa."

"Aliyesema hivyo aliifungua?"

"Hakufungua kitu."

"Basi tusikilize kwanza. Linalia asubuhi tu, au hata likipata moto?"

"Asubuhi na jioni, linalia tu. Lakini mshale wa oili uko juu. Nautazama kila siku."

"Huo mshale tutaurudia, Mwalimu."

Swali la fundi lilikuwa na maana. Ndani ya injini hiyo kuna vikombe vidogo vinavyojaa oili ili vali zisigonge. Gari likilala siku nyingi, oili huvuja humo. Ukiwasha, injini hulia kwa sekunde chache, halafu hunyamaza. Huo si ugonjwa.

Mlio ulio mkubwa asubuhi na kupungua injini ikipata moto mara nyingi hutoka kwenye maungio ya bomba la moshi. Gasketi imepasuka. Chuma kikipata moto hutanuka na kuziba ufa. Tazama hapo, utaona masizi. Waya wa plagi uliochanika nao hulia. Fungua boneti usiku injini ikiwa inazunguka, utaona cheche ndogo. Usiuguse!

Mlio wa vali ni mwepesi na hutoka juu. Injini ikizunguka mara mbili, kila vali hufunguka mara moja. Gari likiwa limesimama na injini inazunguka polepole, vali moja mbovu hulia kama mara 5 kwa sekunde. Lakini ukisikia mlio mzito kutoka chini, kama mtu anayetwanga mahindi, nao unazidi gari likipanda mlima, zima injini papo hapo. Huenda beringi zimelika.

Fundi alichukua bisibisi ndefu. Alikunja mikono ya shati, kwa maana feni na mikanda hukamata nguo. Aliweka ncha ya bisibisi juu ya kifuniko cha vali, na mpini akauweka kwenye mfupa karibu na sikio. Alihama kidogo kidogo, kama daktari anayempima mgonjwa kifua. Upande wa kulia kulikuwa kimya. Upande wa kushoto, karibu na silinda ya nyuma, mlio ulikuwa mkali. Akampa Mwalimu bisibisi, naye akasikia.

Sasa tuurudie mshale. Katika gari hilo mshale wa oili hufika namba 3. Injini ikiwa ya moto na gari limesimama, unaweza kushuka, lakini ukikanyaga mafuta lazima upande mara moja. Wa Mwalimu ulipanda vizuri. Ndiyo maana hakuwa na wasiwasi. Lakini mshale hupima nguvu ya oili katika njia kuu. Hauoni oili ikifika juu kabisa, kwenye kemshafti, ule mtaimbo wenye nundu unaosukuma vali.

Juu ya kila kemshafti kuna bomba jembamba lenye matundu. Oili hudondoka humo juu ya nundu. Bomba hilo limeshikwa kwa viungio vya plastiki. Plastiki ikikaa miaka mingi kwenye joto huwa kavu kama ganda la karanga. Ikipasuka, oili hutoka pembeni, na nundu hukosa oili. Chuma husuguana na chuma. Kiungio ni kitu kidogo cha bei ndogo. Kemshafti ni ghali sana, na mara nyingi lazima iagizwe mbali.

Fundi alifungua vifuniko vyote viwili. Upande wa kulia viungio vilikuwa vikavu lakini vizima. Upande wa kushoto viwili vilikuwa vimepasuka. Alizungusha injini kwa stata bila kuiwasha. Oili ilidondoka kila mahali, isipokuwa kwenye nundu ya mwisho. Hiyo ilikuwa imelika. Mwalimu alipitisha kidole juu yake, akahisi mfereji.

"Viungio tutabadilisha vyote, pande zote mbili," fundi alisema. "Lakini nundu hii haitarudi. Ungeacha kuliendesha siku ile ya kwanza, ingepona."

"Nina harusi Jumamosi, mwanangu. Nimekwisha kupokea pesa ya watu."

"Warudishie, Mwalimu. Tukiliendesha hivi, tutakula na nyingine."

Mwalimu alifuta kidole chake kwa kitambaa. Kisha akaomba simu, ampigie baba wa bwana arusi.