Takwimu zilizoanzia kwa wafiwa

Mwishoni mwa miaka ya 1990, watoto wengi wa wilaya ya Rufiji, Tanzania, walifia nyumbani, na rejista ya hospitali haikuwaona. Mdadisi wa kukusanya taarifa za vifo alisubiri matanga yaishe, akaenda kwa wafiwa, akawaomba wasimulie: homa ilianza lini, mtoto alikakamaa au la, mlimpeleka wapi kwanza, halafu wapi. Madaktari walisoma maelezo hayo wakaamua chanzo cha kifo. Kwa kuwa kila familia iliulizwa maswali yaleyale, simulizi zao ziliweza kuhesabiwa.

Hesabu hizo ziligusa bajeti. Mradi wa TEHIP, wa Wizara ya Afya na shirika la IDRC la Kanada, ulibaini kuwa Morogoro malaria ilibeba asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, lakini mwaka 1996 ilipewa asilimia 5 tu ya fedha za afya. Wilaya zikaanza kupanga matumizi upya, vyandarua vyenye dawa vikiwemo. Kati ya 1999 na 2000, vifo vya watoto wachanga Rufiji vilishuka kutoka 100 hadi 72 kwa kila vizazi hai 1,000. Mwaka mmoja ni mfupi mno kwa mtakwimu kutangaza ushindi, ila vifo vya watoto viliendelea kupungua miaka iliyofuata.

Mimi huwarudia zaidi wafiwa waliozungumzia degedege, dalili ya malaria kali. Ilizoeleka kusemwa kwamba mtoto akishikwa na degedege, mama wa kijijini hukimbilia kwa mganga wa kienyeji, na ndiyo maana mtoto hufa. Visa hivyo vipo, na kisa kimoja chenye uchungu hukaa kichwani zaidi kuliko jedwali zima. Lakini waliposikilizwa wafiwa wa vifo zaidi ya 300 vya malaria, karibu wanne kati ya watano walikuwa wameanza na tiba ya kisasa. Akina mama hao walikuwa wamelaumiwa bure.

Jawabu hilo linabadilisha sera. Kama mama alitafuta dawa na mtoto bado akafa, kumhubiria aache waganga hakumwokoi mtoto anayefuata. La kuulizwa ni alichelewa kwa siku ngapi, alikuta dawa gani, na kama dawa yenyewe bado inaua vimelea. Klorokwini ilikuwa imeshindwa sehemu nyingi za nchi. Mwaka 2001 Tanzania iliacha kuitumia kama tiba ya kwanza ya malaria.