MZIGO UNAVYOVUKA ZIWA TANGANYIKA

Ukitazama ramani ya Afrika utaiona nchi jirani ya Burundi. Nchi hiyo haina bahari. Je, mbolea na ngano kutoka ng'ambo hufikaje Bujumbura? Njia mojawapo hupita kwetu. Mzigo hushushwa bandarini Dar es Salaam, hupanda treni hadi Kigoma, kisha huvuka ziwa kwa meli.

ZAMANI MZIGO ULIBEBWA NA WATU

Kabla ya reli, soko kubwa la pwani hii lilikuwa Ujiji. Misafara ilitoka Bagamoyo kwa miguu, ikatembea miezi mitatu au zaidi. Ilileta vitambaa na shanga, ikarudi na pembe za ndovu. Watu nao walifungwa minyororo na kuuzwa kama bidhaa.

Mpagazi mmoja alibeba kilo 30 hivi. Sasa fanya hesabu. Behewa moja lenye tani 40 ni sawa na mizigo ya wapagazi zaidi ya 1,300.

RELI YAFIKA KIGOMA

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Urefu wake ni kilometa 1,250 hivi. Mwisho wa reli ukawa Kigoma, kwa kuwa pana ghuba nzuri ya kuegesha meli.

Hata meli ya Liemba ilikuwa mzigo wa reli. Iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kutiwa katika masanduku. Iliunganishwa tena Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916, wakati wa vita, Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba.

Mwaka 1921 Uingereza ilikubali kuwapa Wabelgiji sehemu zao katika bandari za Kigoma na Dar es Salaam. Walipitishia hapo mizigo ya Kongo na ya Ruanda-Urundi. Sehemu hizo ziliitwa Belbase. Hivyo kazi ya kupitisha mizigo ya majirani si ya jana.

MZIGO HUPITA MIKONO MINGI

Ufuate mfuko mmoja wa mbolea. Hutolewa melini Dar es Salaam na kutiwa katika behewa. Kigoma hutolewa katika behewa na kutiwa katika meli au tishari. Bujumbura hutolewa tena na kupakiwa katika lori. Kila unaposhikwa, unaweza kupasuka, kulowa au kupotea. Kila siku ya kungoja ina gharama yake.

Nani hulipa gharama hiyo? Mwenye meli halipi. Mwenye lori halipi. Huongezwa katika bei, na mwisho humwangukia mkulima anayenunua mfuko ule mmoja.

KAMBA HUKATIKIA PABOVU

Njia hii ni kama kamba ndefu. Ikikatika mahali pamoja, yote haifai.

Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, mafuriko yaliharibu reli katika Wilaya ya Kilosa. Kilosa ni mbali sana na Kigoma. Lakini treni haiwezi kuruka pengo, na njia ikafungwa.

Mara nyingine kamba hukatwa na siasa. Mwezi Julai 1996 serikali ilipinduliwa Burundi. Nchi jirani, pamoja na Tanzania, ziliiwekea vikwazo vya biashara. Vikwazo hivyo vilisimamishwa Januari 1999. Watu wa kawaida wa Burundi waliumia kwa bei kupanda.

Reli inapolegea, malori huchukua mzigo. Mengi huingia Burundi kwa kupitia Kabanga, wilayani Ngara. Mengine hupita Manyovu, mkoani Kigoma. Lori hufika hadi mlangoni, lakini treni moja hubeba mzigo wa malori mengi.

WEWE UFANYE NINI?

Biashara hii si ya matajiri peke yao. Chumvi ya Uvinza, dagaa na mawese vimevuka ziwa hili tangu zamani. Kama nawe unapeleka bidhaa ng'ambo, shika mambo haya:

1. Nenda kwanza ofisi ya forodha. Burundi ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa bidhaa zilizolimwa au kutengenezwa ndani ya Jumuiya, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, kuna cheti rahisi cha kuonyesha zilikotoka. Cheti hicho husaidia usitozwe ushuru wa forodha. Kwa mazao, uliza pia juu ya kibali na cheti cha afya ya mimea.

2. Hesabu mizigo yako inapopakiwa, na uihesabu tena inaposhushwa. Dai stakabadhi, uisome, na uitunze.

3. Usipande mtumbwi uliojaa kupita kiasi. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 hivi, na upepo wake hauna subira. Gunia lililozama hununuliwa jingine. Mtu hanunuliwi.

4. Usivuke usiku kwa siri ili kukwepa ushuru. Ukikamatwa, mzigo wote unaweza kutaifishwa. Ukipata ajali, hakuna atakayejua uko wapi.

Mwaka 2025 Tanzania na Burundi zilitia saini mkataba wa kujenga reli mpya kutoka Uvinza hadi Musongati, nchini Burundi. Ni hatua kubwa. Lakini hata reli mpya itahitaji madaraja imara, wapakiaji waangalifu na karani mwaminifu. Mmoja wao akilegea, kamba itakatikia hapo.